Kufunga Biskuti za Nyumbani kwa Zawadi ya Krismasi: Mwongozo Kamili kwa Jiko la Pwani

Desemba ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja ina joto linalofika nyuzi 31 au 32 mchana, na hewa yake hubeba unyevu mwingi hata usiku. Biskuti iliyotoka kwenye oveni asubuhi ikiwa kavu inaweza kulainika kama mkate kabla ya jua kuzama, ikiachwa wazi mezani kwa saa chache tu. Anayetaka kugawa biskuti za mkono wake wakati wa Krismasi anahitaji kulishughulikia jambo hili mapema, kwa sababu hakuna utepe wala karatasi ya kumetameta itakayoficha biskuti iliyopoteza ukavu wake. Kazi ya kwanza ya kifungashio ni kuzuia hewa, ya pili ni kuzuia kuvunjika, na uzuri hufuata baada ya hayo mawili. Mpangilio wa mwongozo huu unafuata utaratibu huo huo.

Orodha ya wapokeaji na hesabu ya donge

Kabla ya kununua unga, andika majina ya watu utakaowapa na ujue kila mmoja anapokea kiasi gani. Mtu mmoja, kama mwalimu wa mtoto au mlinzi wa mtaani, anatoshwa na biskuti 8. Nyumba yenye familia inahitaji 20 au zaidi, maana kopo likifunguliwa sebuleni watoto hawasubiri kuulizwa. Tuseme una nyumba 6 na watu 5: utahitaji biskuti 120 na nyingine 40, jumla 160. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya zitakazovunjika, zitakazoungua pembeni na zitakazoonjwa, nawe utafika karibu 180.

Biskuti ya kipenyo cha sentimita 5 hivi hutumia takribani gramu 20 za donge. Kwa hiyo kilo moja ya donge hutoa biskuti 50, na biskuti 180 zinadai kilo 3.6. Oveni ndogo ya nyumbani inayopokea trei mbili za biskuti 12 itazichoma kwa mizunguko 8, na kila mzunguko, pamoja na kupanga na kutoa, ni dakika 20 hivi. Hiyo ni kazi ya karibu saa tatu mbele ya moto, na ni afadhali kuigawa kwa siku mbili kuliko kuifanya yote tarehe 24 huku pilau na nyama vikisubiri jiko lile lile.

Biskuti zinazovumilia na zisizovumilia

Si kila biskuti tamu inafaa kuwa zawadi. Zinazofaa ni zile kavu, zenye mafuta ya kutosha na maji kidogo: biskuti za siagi, za tangawizi, nankatai, na vileja vya unga wa mchele, samli na iliki ambavyo Waunguja huvipika zaidi wakati wa Idi lakini vinapendeza mno kwenye kopo la Krismasi. Biskuti za tangawizi ndizo zinazodumu kuliko zote. Katika kopo lililofungwa vizuri hukaa wiki mbili hadi tatu, na harufu yake huzidi kukolea baada ya siku kadhaa. Za siagi na nankatai zihesabie wiki moja hadi mbili. Ukichagua majarini badala ya siagi, tumia ile ngumu ya kuokea, kwani ile laini ya kupaka mkate ina maji mengi yanayofanya biskuti isambae kwenye trei na kulainika mapema.

Biskuti za nazi zinahitaji tahadhari. Nazi mbichi iliyokunwa huingiza maji ndani ya donge, na biskuti yake ni ya kuliwa ndani ya siku mbili au tatu. Tumia nazi iliyokaushwa kabisa ikiwa unataka kuifunga. Biskuti za jemu nazo huanza kulainika tangu dakika jemu inapogusa donge lililookwa, kwa hiyo oka vipande vikiwa vitupu, vihifadhi kwenye kopo, kisha vijaze asubuhi ya siku ya kuvipeleka. Chochote chenye krimu, kastadi au jibini laini kinadai friji, nami nisingekiweka kwenye zawadi itakayopita mikono ya watu watatu kabla haijafika.

Kuhusu chokoleti, siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi na huanza kulegea kabla ya hapo. Ndani ya daladala au kwenye gari lililoegeshwa juani, biskuti zilizochovywa chokoleti zitashikana kuwa bonge moja. Aliye Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400, au Nairobi, mita 1,700 na zaidi, anaweza kuzichovya bila hofu kubwa. Aliye pwani atumie unga wa kakao ndani ya donge, au vipande vya chokoleti vilivyookwa pamoja na biskuti, ambavyo hata vikilegea hubaki mahali pake.

Aisingi ya sukari ya unga na ute wa yai hupendeza sana kwenye biskuti zilizokatwa kwa umbo la nyota au kengele, lakini inahitaji kukauka hadi ndani. Penye hewa kavu, usiku mmoja unatosha. Pwani ipe saa 24 kamili ndani ya chumba chenye feni, kisha ibonyeze kwa ncha ya kidole: ikiacha alama, bado. Ikiwa kati ya wapokeaji kuna mjamzito, mtoto mdogo au mzee, tumia unga wa ute wa yai uliotayarishwa kiwandani badala ya ute mbichi.

Chagua chombo kabla ya kukata donge

Ukubwa wa biskuti unatawaliwa na chombo, na wengi hulikumbuka hili wakati biskuti zimeshapoa. Chupa pana ya jemu inaweza kuwa na tumbo la sentimita 9 na mdomo wa sentimita 7 tu. Biskuti ya sentimita 7 haitaingia bila kukwaruza kingo zake. Pima mdomo wa chombo kwa rula, toa sentimita moja na nusu, na hicho ndicho kipenyo cha mwisho cha biskuti baada ya kuokwa, ukikumbuka kuwa donge hutanuka kidogo kwenye moto. Kama huna kikatio cha kipimo hicho, glasi ndogo ya chai iliyopakwa unga ukingoni inafanya kazi vizuri. Unene nao usipungue milimita 7, kwa kuwa biskuti nyembamba haihimili uzito wa zile zilizo juu yake.

Chombo bora kuliko vyote ni kopo la bati lenye mfuniko unaobana. Linazuia hewa, mwanga na mgongano, na mpokeaji hulitumia kwa miaka mingi. Makopo ya biskuti na chai yaliyobaki nyumbani yanafaa kabisa yakisafishwa. Chupa ya kioo yenye mfuniko wa kuzungusha inazuia hewa sawa na bati na inaonyesha biskuti zilivyo, ila ni nzito na haipendi safari. Vyombo vya plastiki ngumu vya chakula vinafaa pia, ingawa plastiki hushika harufu.

Boksi la kadibodi, lile la keki linalouzwa jumla Kariakoo na kwenye maduka ya vifaa vya kuokea katika kila mji mkubwa, ni zuri kwa macho na jepesi kwa mfuko, lakini kadibodi hupitisha unyevu. Litumie tu kama ganda la nje, na ndani yake weka biskuti zilizokwisha kufungwa kwenye selofeni au mfuko wa chakula uliozibwa. Hali ni hiyo hiyo kwa kikapu cha ukindu. Kikapu kidogo cha ukindu uliotiwa rangi kinapendeza kuliko boksi lolote la dukani, na kila tundu lake ni mlango wa hewa na wa sisimizi.

Kwa kubebea, kumbuka sheria. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Rwanda ilitangulia mwaka 2008. Mfuko wa rambo usiutumie hata kama umeubakiza kabatini. Mfuko wa karatasi ya kaki wenye vishikio, au kikapu chenyewe, unafanya kazi hiyo kwa heshima zaidi.

Kusafisha na kunusa

Chupa na mifuniko yake chemsha kwa dakika 10, kisha vipange juu ya kitambaa safi vikiwa vimeinamishwa hadi vikauke bila msaada wa taulo. Kopo la bati lioshe kwa maji ya moto na sabuni, likaushe mara moja ili lisipate kutu kwenye mshono wa chini, kisha liweke ndani ya oveni iliyozimwa lakini bado ina uvuguvugu, kwa dakika 10. Mshono huo ndio unaoficha maji, na tone moja lililobaki humo linatosha kuharibu safu nzima ya chini.

Harufu ni jambo jingine. Kopo lililowahi kutiwa bizari au kahawa huihamishia siagi harufu hiyo ndani ya siku mbili. Lijaribu: lifunge likiwa tupu na kavu usiku kucha, asubuhi fungua na unuse papo hapo. Ukisikia harufu, weka vijiko viwili vya magadi soda ndani, funga siku mbili, mwaga, futa kwa kitambaa kikavu na unuse tena. Mfuniko wenye mpira ulioshika harufu ya viungo vya pilau hautasafishika. Chombo hicho kirudishe kwenye viungo vyake.

Kupoza

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Biskuti ikitoka kwenye oveni iache kwenye trei dakika 5 ipate nguvu, kisha ihamishie kwenye waya wa kupozea ili hewa ipite pia chini yake. Ipe saa nzima. Ishike kwa upande wa chini, kwa sababu juu hupoa mapema na kudanganya. Ikiwa chini bado kuna uvuguvugu, ndani yake kuna mvuke unaotafuta pa kutokea. Ukiifunga hivyo, mvuke utageuka matone kwenye mfuniko, matone yatarudi juu ya biskuti, na baada ya siku chache utakuta ukungu.

Mahali pa kupozea pasiwe jikoni ikiwa kuna chungu kinachochemka. Mvuke wa wali na maharage hupanda na kutua juu ya biskuti zako bila wewe kuuona. Zipeleke chumbani, washa feni ya mwendo mdogo, zifunike kwa chandarua cha chakula kuzuia nzi. Zikipoa, zifunge papo hapo. Ukitaka kujua nyumba yako ina unyevu kiasi gani, acha biskuti moja kwenye sahani usiku kucha. Ikivunjika kwa mlio asubuhi una nafasi ya kupumua, ikijipinda bila sauti ujue kila saa ina thamani.

Kupanga ndani ya chombo

Kanuni ya kwanza ni kutochanganya kavu na laini. Biskuti laini hutoa unyevu na kavu huupokea, na mwishowe zote zinakuwa za hali moja isiyopendeza. Harufu nazo huhama: tangawizi na karafuu zitazifunika biskuti za siagi ndani ya siku moja. Ikiwa lazima aina mbili zikae kopo moja, kila aina iwe ndani ya kifuko chake kilichozibwa, ama uzichanganye asubuhi ya kukabidhi.

Chukua kopo la mviringo. Weka kopo juu ya karatasi ya kuokea, chora duara kwa penseli kwa nje, kata ndani ya mstari ili alama ya penseli ibaki kwenye mabaki, na ukate miduara minne au mitano ya aina hiyo. Kisha kata ukanda mrefu wa karatasi hiyo hiyo, wenye urefu wa mzunguko wa kopo na upana unaozidi kina chake kwa sentimita 8. Ukanda huu unasimama ukizunguka ukuta wa ndani, na sehemu inayozidi itakunjwa juu ya biskuti mwishoni. Karatasi ya gazeti usiitumie ndani, hata kama maandazi ya barabarani hufungwa humo, maana wino wake hushikana na mafuta ya biskuti.

Mduara wa kwanza unakaa chini. Biskuti nzito na ngumu, kama za tangawizi, ndizo zinazotangulia. Zenye aisingi na zinazomung'unyika hukaa juu. Zipange kuanzia ukutani kuelekea katikati, kingo zikigusana bila kubanana. Njia ninayoipenda zaidi kwa biskuti bapa ni kuzifunga mbili mbili, migongo ikiangaliana, kwa kuwa migongo ni tambarare na hutegemezana, na uso uliopambwa haukwaruzwi na mgongo wa mwenzake. Kati ya safu na safu laza mduara mwingine wa karatasi. Vileja na nankatai, ambazo huvunjika ukizitazama tu, zipe kila moja kikombe chake cha karatasi, vile vidogo vya keki za kikombe, na usizirundike zaidi ya safu mbili.

Nafasi iliyobaki ndiyo adui. Biskuti yenye pa kutembea itatembea na kugonga. Jaza mapengo kwa karatasi ya kuokea iliyokunjwakunjwa, kuanzia pembeni hadi juu, ukunje ukanda uliozidi kama unavyokunja bahasha, kisha weka mto mwembamba wa karatasi kabla ya mfuniko. Funga, shika kopo kwa mikono miwili, litikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia mgongano, fungua na uongeze karatasi. Kisiposikika kitu, kopo hilo liko tayari kwa barabara.

Kwa zawadi ndogo za mtu mmoja, panga biskuti 8 kuwa mnara, laza chini na juu yake kiduara cha kadibodi safi kilichofunikwa karatasi ya kuokea, kisha viringisha mnara wote kwenye selofeni. Ncha mbili zikunje mara tatu na uzibe kwa selotepu kabla ya kufunga utepe. Utepe peke yake hauzuii hewa, hata ukikazwa vipi.

Kuziba

Kopo lenye mfuniko unaobana lizungushie selotepu pana kwenye maungio, mzunguko mmoja usiokatika, na uache ncha yake imekunjwa ili mpokeaji aifungue bila kisu. Chupa zikaze mfuniko baada ya kuhakikisha mdomo ni mkavu. Vifuko vya silika vya kufyonza unyevu vinasaidia sana pwani, ila viwe vile vilivyoandikwa kuwa vinafaa kukaa na chakula, vipya, vizima, navyo viwekwe chini ya karatasi mahali ambapo havigusi biskuti. Kile kilichotoka kwenye boksi la viatu kisiingie humu. Nyumba yenye mtoto mdogo usiipelekee kifuko hicho kabisa.

Mapambo ya nje

Hapa kila mtu ana mkono wake, na pwani yetu haihitaji kuazima theluji ili ifanane na Krismasi. Kamba ya katani, zao ambalo Tanga imelilima kwa zaidi ya karne moja, inashika fundo vizuri na inapendeza juu ya karatasi ya kaki. Kijiti cha mdalasini, karafuu chache zilizotungwa kwenye uzi, au kitawi kibichi cha mvinje kilichochomekwa chini ya fundo hutoa harufu na rangi kwa gharama ndogo sana. Vyote hivi vikae nje ya chombo. Maua mekundu ya mkrismasi yanayoanguka mitaani mwezi huu yanavutia, lakini hunyauka kabla hujafika kwa jirani wa tatu.

Kitenge ndicho kifungashio ninachokipendekeza kuliko karatasi, kwa kuwa hakiraruki na mpokeaji anabaki na kitambaa cha kutumia mezani. Kwa kopo la kipenyo cha sentimita 16 na kimo cha sentimita 8, kata mraba wenye upande wa sentimita 55. Upana wa kitenge cha kawaida hutoa vipande viwili. Pinda kingo kwa cherehani au zikate kwa mkasi wa meno. Laza kitambaa upande wa ndani ukitazama juu, weka kopo katikati, chukua pembe mbili zinazotazamana, zivute juu ya mfuniko na ufunge fundo moja. Geuza kopo robo duara, chukua pembe mbili zilizobaki, zikunje mikunjo midogo ili zisivimbe, zipitishe chini ya fundo la kwanza na kufunga fundo la pili. Kopo la kipenyo cha sentimita 20 linahitaji mraba wa sentimita 65. Kitambaa kipya kifue kwanza, kwani wanga na rangi yake vina harufu, na kisiguse biskuti kwa namna yoyote.

Lebo

Lebo si pambo. Iandike kwa kalamu isiyotoka kwa maji, kabla ya kuibandika au kuifunga, na iwe na mambo haya: jina la biskuti, tarehe ya kuokwa, tarehe ya mwisho unayoona inafaa kuliwa, na viungo vinavyoweza kumdhuru mtu. Taja ngano, maziwa, mayai, karanga, korosho, lozi na ufuta kwa majina yake. Kuandika tu neno "njugu" hakumsaidii mama ambaye mwanawe anavimba midomo kwa korosho. Ikiwa ulioka biskuti za karanga kwenye trei hizo hizo, sema pia. Biskuti zilizopakwa asali zisielekezwe kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani asali ina hatari kwake.

Zawadi za Krismasi kwetu huvuka ukuta wa dini, kama sahani za Idi zinavyovuka kuja upande huu. Kwa jirani Mwislamu, chunguza chupa ya vanila, maana nyingi zina kileo. Tumia ya unga, au iliki badala yake. Kwenye pipi laini za kupambia angalia jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe, na epuka zabibu zilizolowekwa kwenye ramu. Ukiandika kwenye kadi kwamba hakuna kileo wala jelatini, jirani atakula kwa moyo mweupe na wala hatalazimika kukuuliza.

Salamu iwe fupi na ya mkono wako. "Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya" inatosha, ikifuatwa na jina la nyumba yenu.

Kuhifadhi hadi siku ya kupeleka

Makopo yaliyofungwa yakae kabatini, mbali na jiko, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Friji si mahali pake, kwa sababu kopo linalotoka kwenye baridi na kuingia kwenye joto hutoa jasho. Biskuti zikilala friza, zikiwa zimefungwa vizuri, hukaa hadi miezi mitatu. Zikitolewa, ziache zifikie joto la chumba kabla hujafungua kifungashio, ili unyevu ubaki nje. Donge bichi pia linakubali friza kwa muda huo huo, na huo ni mpango mzuri kwa mwenye kazi ya ofisini.

Sisimizi wanaingia kwenye tundu usiloliona. Weka makopo juu ya bakuli lililopinduliwa ndani ya sinia lenye maji kidogo, maji yasiguse makopo, na wasafiri hao watakwama ukingoni.

Safari ya bara

Katikati ya Desemba stendi hujaa watu wanaopanda kwenda Moshi, Arusha, Mbeya na Bukoba, na makopo mengi ya biskuti husafiri nao. Safari ya Dar es Salaam hadi Moshi huchukua mchana mzima. Usiliweke kopo kwenye buti ya basi. Huko kuna joto, vumbi, magunia na masanduku yatakayorundikwa juu yake bila mtu kuuliza. Libebe mapajani au chini ya kiti, ndani ya kikapu, likiwa limekaa wima. Ikiwa unalituma bila kusindikiza, liweke ndani ya katoni ngumu iliyo kubwa kuliko kopo kwa sentimita 5 kila upande, jaza nafasi hiyo kwa magazeti yaliyokunjwa (hapa yanaruhusiwa, kwa kuwa hayagusi chakula), ziba maungio yote, kisha andika pande mbili "CHAKULA, USIWEKE MZIGO JUU" pamoja na jina na namba ya simu ya mpokeaji. Kwa katoni ya aina hii tumia bati au plastiki, si kioo. Anayesafiri kwa ndege aweke biskuti kwenye begi la mkononi bila shida, ila chupa ya jemu inayozidi mililita 100 ikae kwenye begi linalopita chini, kwani ukaguzi huihesabu kama kimiminika.

Aisingi na mapambo ya juu yasipande basi. Ni bora kubeba biskuti tupu na kuzipamba ukifika.

Maneno ya nyuma ya kadi

Mpokeaji hajui uliyoyafanya ili biskuti zifike kavu, kwa hiyo mwandikie nyuma ya kadi mistari mitatu: arudishe mfuniko kila anapochukua, asiweke kopo kwenye friji, na zikilainika azipashe kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 5 na kuziacha zipoe kabisa kabla ya kuzirudisha. Asiye na oveni atumie sufuria kavu yenye mfuniko juu ya moto mdogo sana, biskuti zikiwa juu ya sahani ya bati iliyoinuliwa kwa mawe madogo safi, kwa muda kama huo. Biskuti zenye aisingi au chokoleti zisipashwe. Hizo ziliwe kwanza.